Mtoto anakimbia na kucheza: kuna haja gani ya kuziba tundu la moyo?

Swali: Daktari, mwanangu wa kike ana miaka minne. Tulimpeleka hospitali kwa ajili ya kikohozi, daktari akamsikiliza kifua na kusema kuna sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimeonyesha tundu la milimita 12 kati ya vyumba vya juu vya moyo, aina ya sekundumu (la katikati ya ukuta), na upande wa kulia wa moyo umetanuka. Tumeambiwa lizibwe. Lakini mtoto anakimbia, anakula vizuri, hajawahi kuzimia wala kubadilika rangi midomo. Bibi yake anasema tumwache, tundu litajifunga lenyewe, kwa kuwa amesikia watoto wote huzaliwa na tundu moyoni. Nani yuko sahihi? Na nilikosea nini nikiwa na mimba yake?

Jibu: Mama, nianzie na swali lako la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hukukosea. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo hujengeka kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba, wakati ambao wanawake wengi hata hawajajua kama wamebeba. Yapo mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ya moyo: kisukari cha mama kisichodhibitiwa, rubela katika miezi ya mwanzo, pombe, na baadhi ya dawa za kifafa. Zipo pia familia chache ambazo tundu hili hurithiwa kutokana na hitilafu kwenye jeni kama GATA4, NKX2-5 au TBX5. Lakini kwa watoto walio wengi hakuna sababu hata moja inayopatikana, tutafute tunavyotafuta. Karibu mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa hai huwa na kasoro fulani ya moyo, na tundu la aina aliyo nayo binti yako huwapata wasichana karibu mara mbili ya wavulana. Kubeba ndoo, kugombana na mtu, kula hiki na kuacha kile, hayo hayatoboi ukuta wa moyo. Atakayekuambia vinginevyo hana ushahidi, na usimpe nafasi ya kukuumiza.

Sasa bibi. Alichosikia kina ukweli ndani yake, na ni vizuri kumweleza kwa heshima ukweli huo unaishia wapi.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Oksijeni humfikia kutoka kondo la nyuma kupitia kitovu, na damu iliyobeba oksijeni hiyo huingia moyoni kwa upande wa kulia. Kama ingefuata njia ambayo damu yako na yangu hufuata sasa, ingepelekwa mapafuni, mahali ambapo kwa wakati huo haina kazi. Kwa hiyo katika ukuta wa vyumba vya juu kuna upenyo, na upande wake wa kushoto kuna kiwambo chembamba kinachosukumika. Damu huvuka hapo kutoka kulia kwenda kushoto na kuuwahi ubongo unaokua. Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, damu nyingi hurudi kutoka mapafuni kuingia chumba cha juu cha kushoto, shinikizo la upande huo hupanda, na kile kiwambo hubanwa ukutani. Kwa watu wengi hushikana na ukuta moja kwa moja katika miezi au miaka ya kwanza. Kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne kiwambo hakishikani; hubaki kama mlango ulioegeshwa bila kutiwa komeo, na mwenye nao huzeeka bila kujua.

Huo ndio uwazi ambao bibi ameusikia, na kweli kila mtoto huzaliwa nao. Wa binti yako ni kitu kingine. Kwake kiwambo chenyewe hakikutosha kufunika upenyo, kwa hiyo katikati ya ukuta pamebaki pengo lisilo na cha kulifunika, na damu hupita hapo kila moyo unapopiga, usiku na mchana.

Je, linaweza kujifunga? Mtoto mchanga akikutwa na tundu la sekundumu la chini ya milimita 5, mara nyingi tunasubiri kwa matumaini, kwa sababu mengi ya ukubwa huo hupungua au hufunga yenyewe katika miaka ya mwanzo. Likizidi milimita 8, kufunga lenyewe ni nadra. Binti yako ana miaka minne na tundu la milimita 12. Ushauri wa bibi ungekuwa mzuri sana angekuwa na miezi mitatu na tundu la milimita 4. Na niseme hapa hapa kwamba hakuna dawa ya kunywa, ya hospitali wala ya mitishamba, inayootesha nyama mahali pale. Dawa tunazowapa baadhi ya wagonjwa hupunguza maji mwilini au kuutuliza moyo, basi.

Hata hivyo, namba ya milimita si ninayoitazama kwanza. Katika ripoti yako maneno mazito kuliko yote ni yale ya mwisho, kwamba upande wa kulia wa moyo umetanuka. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, na ningependa uelewe kwa nini.

Chumba cha chini cha kulia kina ukuta mwembamba unaonyumbulika, kwa kuwa kazi yake ni kusukuma damu hadi kwenye mapafu yaliyo jirani tu, kwa shinikizo dogo. Chumba cha chini cha kushoto ni kinene na kigumu zaidi, maana kinalisha mwili mzima. Damu iliyokwisha kupata oksijeni hurudi kutoka mapafuni na kufika chumba cha juu cha kushoto. Kwa moyo wenye tundu, hapo inakuta njia mbili: ishuke kwenye chumba kigumu, au ivuke tundu na kushuka kwenye chumba laini. Sehemu yake huchagua wepesi, inavuka. Damu hiyo sasa inarudishwa mapafuni mara ya pili ikiwa tayari imejaa oksijeni, safari isiyo na faida kwa mtu yeyote. Tukipima tunaweza kukuta damu inayopita mapafuni ni mara mbili ya ile inayokwenda mwilini. Ikifika mara moja na nusu au kuzidi, chumba cha kulia huanza kutanuka ili kumudu wingi huo, na mishipa ya mapafu hutanuka pia. Wataalamu wengi duniani hushauri kuziba wanapouona utanuzi huo, hata kama mgonjwa hana dalili moja.

Wingi huo wa damu unaeleza pia kilichosikika kifuani. Sauti ile haikutoka kwenye tundu. Tofauti ya shinikizo kati ya vyumba vya juu ni ndogo mno kutoa sauti. Damu huvuka kimya kimya. Kinachosikika ni damu nyingi kupita kiasi ikipita kwenye vali, yaani mlango wa moyo, ya kwenda mapafuni. Kuna na ishara nyingine ya kitaalamu: kwa mtu mwenye afya, sauti ya pili ya kila pigo la moyo hugawanyika kidogo anapovuta pumzi na kuungana anapoitoa, lakini kwa mwenye tundu hili mgawanyiko hubaki vile vile, avute au atoe. Kuyasikia hayo kwa mtoto anayekohoa na kulia kunataka sikio tulivu. Daktari yule amemfanyia binti yako jambo kubwa, kwa sababu watoto wengi wenye tundu hili hawagunduliki hadi ukubwani.

Kwa nini basi anakimbia? Kwa sababu chumba cha kulia huvumilia wingi wa damu kwa miaka mingi. Kisichovumilia upesi ni shinikizo, na kwa mtoto wa umri wake shinikizo la mapafuni kwa kawaida bado liko chini. Baadhi ya watoto hawa huwa wembamba kidogo au hupata vikohozi na nimonia mara nyingi kuliko wenzao. Wengi hawaonyeshi lolote. Midomo kutokuwa na rangi ya buluu nako hakutuambii kwamba tundu ni dogo, maana damu inayovuka inatoka upande wenye oksijeni, na mwili haukosi oksijeni. Ninachomwomba mzazi yeyote ni kwamba asiutumie uchangamfu wa mtoto kama kipimo. Si kipimo cha ugonjwa huu.

Miaka ndiyo inayobadilisha mambo. Kadiri mtu anavyozeeka, chumba chake cha kushoto huzidi kuwa kigumu, hasa akipata shinikizo la damu. Tundu ni lile lile, lakini damu inayokataa kushuka kushoto na kuvuka kulia inaongezeka. Ndiyo maana mwanamke aliyecheza netiboli shuleni huja kliniki akiwa na miaka 40 akisema siku hizi ngazi zinamshinda, moyo unapapa, miguu inavimba jioni. Chumba cha juu cha kulia kilichotanuka kwa miongo hupoteza mpangilio wa umeme wake, mapigo yanakuwa ya ovyo, na damu inayotuama ndani inaweza kuganda na kusababisha kiharusi. Asilimia 5 hadi 10 hivi ya wenye tundu kubwa lisilozibwa hupata jambo baya zaidi: mishipa midogo ya mapafu, iliyopigwa na wingi wa damu mwaka baada ya mwaka, huwa minene na kuziba, na shinikizo la mapafuni hupanda. Likipanda hadi kulizidi la upande wa kushoto, damu hugeuza mwelekeo. Ile isiyo na oksijeni inavuka kuingia mwilini, midomo na kucha zinakuwa za buluu. Hali hiyo huitwa sindromu ya Eisenmenger, kwa jina la daktari Victor Eisenmenger wa Austria aliyeieleza mwaka 1897. Ikifika hapo hatuzibi tena. Tundu limekuwa njia pekee ya moyo wa kulia kupunguza shinikizo, na kulifunga kunaweza kumuua mgonjwa. Hilo ndilo ninalotaka bibi alisikie vizuri: kusubiri kuna mwisho, na mwisho huo ukipita, mlango wa tiba hii unafungwa.

Simwambii mtu haya ili kumtisha. Binti yako hayuko karibu na huko. Ninayasema kwa sababu tuna ushahidi mzuri kuhusu muda. Hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani iliwafuatilia watu 123 waliozibwa tundu hili kwa upasuaji kati ya 1956 na 1960, na kutoa matokeo mwaka 1990, baada ya miaka ipatayo 30. Waliozibwa wakiwa na miaka 24 au chini waliishi sawa na watu wengine wowote. Waliozibwa baadaye walinufaika, lakini hawakuwafikia wenzao, na waliokuwa wamepita miaka 40 walibaki na matatizo mengi ya mapigo. Kwa mtoto, muda unaopendekezwa na wengi ni kati ya miaka mitatu na mitano. Kwa hiyo si dharura ya wiki hii. Una nafasi ya kuuliza, kupata maoni ya daktari wa pili, kumtibu kikohozi kwanza, na kuchagua kituo kinachofanya kazi hii mara kwa mara. Usiache tu miezi igeuke miaka.

Kabla ya kukubali tarehe yoyote, uliza jambo moja kuhusu kile kipimo cha eko: je, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zote nne za mapafu zimeonekana zikiingia upande wa kushoto? Wakati mwingine moja au mbili huingia kulia kimakosa, na upande wa kulia hutanuka kwa sababu hiyo pia. Kuziba tundu bila kujua hilo ni kuacha nusu ya tatizo ndani. Uliza na kingo za tundu zikoje, yaani nyama iliyobaki kulizunguka, hasa karibu na vali na karibu na vena zinazoingia. Kingo hizo ndizo zitakazoamua njia ya kuziba.

Kwa tundu la sekundumu lenye kingo za kutosha, milimita 5 hivi au zaidi sehemu nyingi, njia ya kwanza siku hizi ni katheta. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mrija mwembamba huingizwa kwenye vena ya kinena na kupandishwa hadi moyoni kwa kuongozwa na eksirei na eko. Kizibo chenyewe ni visahani viwili vya waya laini wa nikeli na titani, vilivyounganishwa na kiuno kifupi katikati. Hukunjwa ndani ya mrija, kisha kisahani kimoja hufunguliwa upande wa kushoto wa ukuta, kingine upande wa kulia, na ukuta unabaki katikati yao. Daktari hukivuta na kukisukuma kidogo kuhakikisha kimekaa kabla ya kukiachia. Kisipokaa, hukunjwa na kutolewa. Kwa kawaida mtoto hurudi nyumbani kesho yake, na kovu pekee ni alama ndogo kinenani. Ndani ya miezi mitatu hadi sita seli za moyo hukifunika kizibo na kinakuwa sehemu ya ukuta. Hakibadilishwi mtoto anapokua. Wengi husubiri mtoto afikishe kilo 15 hivi ili mishipa na moyo viwe na nafasi. Wa miaka minne mara nyingi amefika. Kama binti yako huwashwa au kutoka vipele akivaa hereni au vifungo vya nikeli, waambie madaktari mapema.

Kingo zisipotosha, ni upasuaji. Najua neno hilo linavyoshtua. Kifua hufunguliwa, mashine ya moyo na mapafu hushika kazi kwa muda, na daktari hushona tundu au huweka kiraka kilichokatwa mara nyingi kutoka utando wa mtoto mwenyewe unaofunika moyo. Hakuna kasoro ya ndani ya moyo ambayo madaktari wa upasuaji wameizoea kuliko hii. Ndiyo iliyofungua ukurasa mzima wa upasuaji wa moyo. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, John Lewis alimziba msichana wa miaka mitano baada ya kuupoza mwili wake ili ustahimili dakika chache bila mzunguko wa damu. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, John Gibbon alitumia mashine ya moyo na mapafu aliyoihangaikia kwa karibu miaka 20, ikabeba kazi yote kwa dakika 26 huku akimziba tundu binti wa miaka 18. Wote wawili walipona. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, hatari ya mtoto kufariki kwa upasuaji huu au kwa katheta iko chini ya asilimia 1. Baada ya upasuaji mtoto hukaa hospitali siku kadhaa, na mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi nane kuunga.

Ripoti yako inasema sekundumu, na hiyo ni bahati ndani ya tatizo, kwa kuwa ndiyo aina pekee ambayo kizibo cha katheta kilitengenezewa. Ndiyo ya kawaida zaidi pia, karibu robo tatu ya matundu yote ya vyumba vya juu. Lakini wasomaji wengine watakuwa na ripoti zenye majina tofauti. Tundu la primumu huwa chini ya ukuta, jirani kabisa na vali, na mara nyingi vali ya kushoto nayo huwa na mpasuko unaovujisha damu; hilo halijifungi na halizibwi kwa katheta, linahitaji upasuaji wa tundu na vali pamoja. Tundu la sinusi venosusi huwa juu, pale vena kuu ya juu inapoingia moyoni, na karibu kila mara linaambatana na vena za mapafu za upande wa kulia zilizopotea njia. Hilo eko ya kifuani hulikosa kirahisi, hasa kwa mtu mzima. Ukiona ripoti inayosema upande wa kulia umetanuka lakini tundu halionekani, usiridhike. Omba eko ya kupitia kooni au picha za CT au MRI, kwa sababu utanuzi una chanzo chake.

Kuna ndugu mmoja wa kasoro hii ambaye lazima nimtenge, kwa sababu kwake subira ninayokupa wewe haifai kabisa. Wakati mwingine pengo huanzia sehemu ya chini ya ukuta wa juu na kuendelea hadi ukuta wa vyumba vya chini, na badala ya vali mbili kuna moja kubwa ya pamoja. Hii huonekana sana kwa watoto wenye sindromu ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na kasoro fulani ya moyo. Hapo mapafu hayapigwi na wingi wa damu tu bali na shinikizo pia, na mishipa yake inaweza kuharibika ndani ya mwaka wa kwanza. Watoto hao hufanyiwa upasuaji mapema, kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita. Mtoto yeyote mwenye sindromu ya Down afanyiwe eko akiwa mchanga, hata kama hakuna sauti inayosikika na hata kama ananyonya vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa tundu kubwa la vyumba vya chini: mtoto mchanga anayehema haraka, anayetoka jasho kichwani akinyonya na asiyeongezeka uzito asisubirishwe. Kinyume chake, tundu dogo la vyumba vya chini hupiga kelele kubwa kifuani na mara nyingi hujifunga bila kumsumbua mtu.

Na ule mlango ulioegeshwa, ambao robo ya watu wanao? Wengi hawahitaji kufanya chochote. Tunaufikiria kwa mtu wa chini ya miaka 60 aliyepata kiharusi na kuchunguzwa kote bila sababu kuonekana, kwa kuwa bonge dogo la damu kutoka mguuni linaweza kupenya hapo na kufika kwenye ubongo. Tafiti zilizotoka mwaka 2017 zilionyesha kwamba kwa watu hao, waliochaguliwa kwa uangalifu, kuuziba hupunguza kiharusi kurudi. Wapiga mbizi nao huelezwa hatari yake. Kuuziba kwa ajili ya kipandauso, kama baadhi ya watu wanavyoshawishiwa, sishauri.

Turudi kwa binti yako na miezi iliyo mbele. Mwache acheze. Usimfungie ndani wala kumbeba kila anapotaka kukimbia. Hatupunguzi michezo kwa mtoto mwenye tundu hili asiye na shinikizo la mapafuni. Apate chanjo zote. Mswaki asubuhi na usiku, na jino bovu litibiwe kabla ya kuziba, kwa sababu baada ya kizibo au kiraka kuwekwa kuna miezi sita ambayo bakteria kutoka mdomoni wanaweza kujishikiza hapo. Katika miezi hiyo hupewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino. Kabla ya kuziba hahitaji. Akiwekewa dripu kwa ugonjwa wowote, mwambie muuguzi kwamba ana tundu moyoni ili ahakikishe hakuna viputo vya hewa kwenye mrija. Mtoto anapokohoa au kulia kwa nguvu, damu kidogo inaweza kuvuka kinyume kwa nukta moja, na kiputo kikavuka nayo.

Akizibwa kwa katheta atatumia aspirini ya kiasi kidogo kwa miezi sita hivi, ataepuka michezo ya kugongana kwa wiki kadhaa, na atarudi kwenye eko: kesho yake, baada ya mwezi, miezi sita, mwaka, kisha kila baada ya miaka michache. Usiziruke hizo za baadaye kwa kuwa amependeza. Ni nadra, lakini kizibo kinaweza kusogea au kukwaruza ukuta wa moyo, hata baada ya muda mrefu. Maumivu ya kifua, kuzimia, kushindwa kupumua au mapigo ya kasi yasiyotulia: hospitali siku hiyo hiyo, na utaje kizibo mlangoni. Akifanyiwa upasuaji, jihadhari na wiki mbili au tatu za kwanza nyumbani. Mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri akianza homa, kutapika, uchovu na kukataa kula, wengi huhisi ni malaria au tumbo, kumbe maji yanajikusanya kuuzunguka moyo. Linatibika vizuri likigunduliwa mapema. Mrudishe kwa waliompasua.

Moyo wa kulia kwa watoto hurudi haraka. Mara nyingi eko ya miezi sita huonyesha umeshapungua, na ya mwaka huonyesha ukubwa wa kawaida. Utashangaa pia mtoto uliyedhani alikuwa sawa kabisa akianza kuongezeka uzito na kukimbia kwa pumzi ndefu zaidi. Wazazi wengi hutuambia hivyo.

Ukiwa na watoto wengine, au ukipanga kuzaa tena, uwezekano wa mdogo wake kuwa na kasoro ya moyo ni asilimia 2 hadi 3 hivi, umepanda kidogo tu juu ya wa watu wote. Kama katika ukoo yupo mwingine mwenye tundu la moyo, au mtu mwenye kasoro ya kidole gumba au mkono wa kuzaliwa nayo, mweleze daktari, kwa sababu ipo hali ya kurithi inayounganisha mikono na moyo. Na siku binti yako mwenyewe atakapotaka kuzaa, akiwa amezibwa utotoni na shinikizo la mapafu yake liko sawa, ataweza kubeba mimba kama wanawake wengine. Mkunga wake ajue historia hii tu, na mtoto aliye tumboni afanyiwe eko ya moyo kati ya wiki ya 18 na ya 22.